Albamu Inayoacha Nafasi: Kuchagua Muziki Huru kwa Filamu na Matangazo

Ndugu waandaaji wa filamu, wahariri wa picha, wenzetu wa matangazo, na nyinyi wanamuziki mlioketi huko nyuma kana kwamba mada haiwahusu: hamjambo, na karibuni.

Nimeombwa nipendekeze albamu za wasanii huru zinazofaa kuwekwa kwenye picha. Nitazitaja tano. Lakini orodha peke yake haitawafaa mwezi ujao, kwa sababu mteja mwenye hoteli Diani hataki anachokitaka mteja mwenye benki. Basi tuanze na kipimo. Albamu ya kutumia kwenye picha huwa na sifa mbili, na utamu wa nyimbo si mojawapo. Ya kwanza, inamwachia mtu nafasi ya kusema. Ya pili, wenye haki zake ni wachache, wanapatikana, na wanaweza kutia saini. Ikikosa moja kati ya hizo, iacheni, hata kama imewaliza.

Kwa nini nasema albamu na si wimbo? Filamu ya dakika 90 huhitaji vipande vingi vya muziki. Ukiokota wimbo mmoja mmoja huku na huku, kila kimoja kina chumba chake kilichorekodiwa, fundi wake na mwenye haki wake; mtazamaji anasikia filamu ikirukaruka, na mwandaaji anafanya mazungumzo kumi na tano ya leseni. Albamu moja nzuri ina vyombo vilevile na hewa ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Unachukua vipande vitano, unazungumza na mtu mmoja, na bei huwa na nafasi ya kujadiliwa.

Sasa sauti. Maneno ya binadamu hueleweka zaidi kwa masafa yaliyo kati ya hezi 1,000 na 4,000. Hapo ndipo konsonanti zinapotengana, ukajua kama mtu amesema "pata" au "kata". Chombo chochote chenye nguvu hapo kinagombana na mwigizaji. Na sisi watu wa pwani tuna vyombo vingi vya aina hiyo: fidla, ganuni na tashkota, ambavyo ni vya nyuzi, na juu yake nzumari, chombo cha kupuliza ambacho kazi yake tangu hapo ni kusikika juu ya ngoma zote uwanjani. Nzumari chini ya mazungumzo haikubali kuwa chini. Udi uko salama zaidi kwa sababu sauti yake nene iko chini ya maneno. Dufu pia, ikipigwa kwa kiganja. Nzumari, fidla na tashkota ziwekeni pale ambapo hakuna anayesema: mlango wa filamu, boti inaingia bandari ya zamani, gari linapita Nyali.

Jaribio lake ni rahisi. Wekeni wimbo chini ya tukio lenye mazungumzo, muziki ukiwa desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti za waigizaji. Sikilizeni kwa spika ya simu, si kwa spika za studio. Kama mnalazimika kuushusha muziki hadi desibeli 30 ndipo maneno yasikike, wimbo huo hauna kazi pale. Na kuna kasoro ya upande wa pili, inayowapata hasa wanaopenda midundo mizito: spika ya simu haitoi vizuri sauti zilizo chini ya hezi 200. Wimbo ambao uzito wake wote uko kwenye besi utafurahisha studio, kisha kwenye simu ya mtazamaji unabaki mlio wa shekere tu. Matangazo mengi leo huangaliwa kwenye simu, kwa hiyo huo ndio mtihani wa kwanza, na studio ifuate.

Angalieni pia namna sauti ya albamu ilivyobanwa. Fundi anayeshindana na majirani hubana masta, yaani rekodi ya mwisho inayotolewa, mpaka mawimbi yake kwenye skrini yanafanana na tofali. Wimbo wa hivyo unaweza kuwa na wastani wa LUFS −7, LUFS ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti: namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, sauti ni ndogo zaidi. Majukwaa ya kusikiliza muziki huushusha hadi karibu −14. Kipimo cha utangazaji cha Ulaya, EBU R128, ni −23. Mkiushusha tofali hadi huko hamrudishi pumzi iliyokuwamo. Mnapata tofali la sauti ya chini. Muziki wenye vilele na mabonde vyake hukaa chini ya maneno vizuri, na mtu anaponyamaza unaweza kupanda wenyewe.

Kwa matangazo kuna hesabu ambayo wahariri wengi huifanya kwa kubahatisha. Tangazo la sekunde 30 kwa wimbo wa mipigo 120 kwa dakika lina mipigo 60, yaani pima 15 za mipigo minne. Muziki hupenda kutembea kwa nne na nane, kwa hiyo pima 15 zinamkata mwimbaji mdomo wazi. Wimbo wa mipigo 128 unatoa pima 16 kamili. Wa mipigo 96 unatoa pima 12 kamili. Mkipewa chaguo, chukueni hizo mbili. Mkilazimishwa 120, tumieni pima 14, ambazo ni sekunde 28, kisha pigo la mwisho liachwe lilie kwa sekunde mbili juu ya nembo ya mteja. Chakacha, ambayo mwendo wake ni wa sita kwa nane, ina faida yake: ikiwa na mipigo mikubwa 120 kwa dakika, kila pima ni sekunde moja, na kila sekunde ni mahali halali pa kukata picha. Runinga zetu zinakwenda kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo mkato unaokosea fremu mbili tu tayari sikio linaushtukia.

Maneno ya wimbo nayo. Usiweke wimbo wa Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili. Mtazamaji hawezi kusikiliza watu wawili kwa lugha moja, na atamchagua anayeimba. Halafu kuna hatari ya kwetu hasa, ambayo mkurugenzi kutoka bara haioni: mafumbo. Anapenda tuni, anaiweka kwenye tangazo la sabuni, na wimbo ni mpasho wa mke mwenza au ni chakacha ya kuchezea harusini yenye maneno ambayo bibi zetu huyaimba mlango ukiwa umefungwa. Mji wa Kale wote utacheka, na si kwa namna mteja aliyoilipia. Kasida za maulidi msizitie kwenye tangazo la bidhaa bila kukaa na wenyewe. Kabla ya kupeleka wimbo kwa mteja, maneno yote yaandikwe na mtu mzima wa lugha hiyo ayasome.

Nimefika kwenye haki, na hapa nitakaa, maana ndipo kazi nyingi zinapozama.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani tuni na maneno, na ya rekodi yenyewe. Leseni ya kuunganisha muziki na picha, ambayo wenye kazi huiita sinki, inatakiwa kutoka pande zote mbili. Risiti ya shirika la kukusanya mirabaha ya wanamuziki aliyonayo mwenye mkahawa inamruhusu kupiga muziki mkahawani. Haimpi ruhusa ya kuutia kwenye tangazo la mkahawa wake. Ndiyo maana msanii huru ana thamani kwenu. Akiwa ametunga mwenyewe, ameimba mwenyewe na amegharamia studio mwenyewe, pande zote mbili ziko mkononi mwake, na mazungumzo yanaisha kwa kikao kimoja.

Ila "huru" isiwadanganye. Ulizeni mdundo umetoka wapi. Vijana wengi hununua mdundo mtandaoni kwa leseni ya bei nafuu isiyo ya kipekee, na nyingi ya leseni hizo haziruhusu kuuza kwa filamu au tangazo. Mwimbaji anadhani albamu ni yake. Mwenye mdundo yuko nchi nyingine na ameuza mdundo huohuo kwa watu wengine. Dalili yake: mwimbaji hawezi kukupa ngoma, besi na kinanda kila kimoja peke yake, ana faili moja tu ya mdundo mzima. Hapo simameni. Muziki wenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huwapa watu wote bila malipo kwa masharti yake, nao una mitego: alama NC inazuia matumizi ya biashara, na ND inazuia kuuambatanisha na picha zinazotembea, kwa sababu leseni hizo huhesabu kitendo hicho kuwa ni kuibadilisha kazi.

Taarab ya Mombasa ina tatizo la aina yake. Marehemu Juma Bhalo alipendwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi, na wengine walifanya vivyo. Kwa sikio ni mali ya Mombasa. Kwa sheria, maneno yana mwenyewe hapa, tuni ina mwenyewe India, na rekodi ina mwenyewe wa tatu. Mwandaaji akilipa familia ya mwimbaji peke yake, amelipa sehemu tu. Kwa hiyo, kabla ya kuomba taarab ya zamani, mtafuteni mzee aliyekulia kwenye sinema za Kihindi akae nanyi nusu saa. Atawaambia tuni ipi ya wapi upesi kuliko programu yoyote.

Wengine huuliza kama santuri za zamani, kama zile za lebo ya Mzuri iliyokuwa hapahapa mjini, si za bure sasa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya 1968 ulinzi wake hapa uliisha mwishoni mwa 2018. Lakini mtunzi wake kama alifariki 1995, tuni na maneno yako ndani ya ulinzi hadi mwisho wa 2045. Na filamu yenu ikienda Ulaya, huko kipimo cha kawaida ni miaka 70, si 50. Kwa sengenya, mwanzele na ngoma nyingine za jamii, iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayodai ridhaa ya jamii yenyewe. "Ni ya kienyeji, haina mwenyewe" ni maneno ya mtu atakayeitwa na mawakili.

Albamu sasa. Nimezichagua ili kila moja ionyeshe kazi yake.

Ya kwanza ni *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, iliyotolewa na Real World mwaka 1993. Ogada alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1956. Albamu ni nyatiti, yaani kinubi cha Wajaluo, sauti, na vitu vichache sana pembeni. Wimbo "Kothbiro" ulitumika katika filamu *The Constant Gardener* ya 2005, na ukiusikiliza kama fundi utaelewa kwa nini: nyatiti inajirudia kwa mzunguko mfupi, kwa hiyo mhariri anaweza kuurefusha au kuufupisha popote bila kovu, na mwimbaji hashindani na ngoma, kwa hiyo sauti inaweza kubaki chini sana na bado ikasikika. Kwa mtazamaji wa ng'ambo, Kijaluo anachoimba kikawa chombo tu. Kwa mtazamaji wa Kisumu si chombo, ni maneno, na mkurugenzi wa Kenya lazima ahesabu hilo.

Ya pili ni *Mtindo wa Mombasa* ya Zein Musical Party, GlobeStyle, 1990. Udi wa Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu aliyeishi Mombasa, uko mbele. Kwa filamu inayotaka kusema "pwani" bila kupiga kelele "pwani", hii inatosha. Nyimbo ndefu zina mianya mingi ya vyombo vitupu katikati ya beti. Humo ndimo mchukue, si kwenye beti. GlobeStyle ilikuwa tawi la Ace Records ya London, kwa hiyo barua ya kuuliza rekodi ianzie huko, na ya utunzi ifuatwe kwa upande wake.

Ya tatu, *Siti of Unguja* ya Siti Muharam, On The Corner, 2020. Ni kitukuu wa Siti binti Saad, na nyimbo zimetoka kwenye hazina ya bibi huyo. Nawapa hii kwa sababu ya besi na nafasi iliyoachwa kuzunguka sauti. Ni taarab iliyorekodiwa na watu wanaojua kunyamaza. Inafaa tukio la usiku, mtu peke yake, mlango unafunguka. Kwa tangazo la sekunde 15 haifai hata kidogo, haiharakishwi.

Ya nne, *Peel* ya KMRU, mzaliwa wa Nairobi, iliyotolewa na Editions Mego mwaka 2020. Haina ngoma, haina mwimbaji. Ni mawimbi marefu ya sauti yanayobadilika polepole. Makala za uchunguzi, picha za droni juu ya mikoko, masimulizi ya mgonjwa: hapo ndipo kwake. Onyo moja: sauti kama hizi hazina mahali dhahiri pa kukata, kwa hiyo tumieni mpito wa sekunde tatu hadi sita, si mkato, na msiziweke juu ya sauti za upepo na bahari mlizorekodi wenyewe. Zitachanganyika ziwe tope.

Ya tano ni kinyume chake: *Kaloli* ya Nihiloxica, kundi la Kampala, Crammed Discs, 2020. Ngoma za Buganda na sinthesaiza, hakuna maneno. Michezo, mbio, pikipiki, kiwanda. Ina nguvu kiasi kwamba sekunde 20 zinatosha. Mkizidisha, mtazamaji anachoka kabla ya bidhaa kuonekana.

Wanamuziki, geukeni mbele sasa. Mhariri akiwapigia saa nne usiku akitaka wimbo, mwenye folda tayari ndiye anayepata kazi. Ndani ya folda kila wimbo uwe na WAV ya 48 kHz, biti 24, kwa sababu video inatumia 48 na siyo 44.1 ya CD. Toleo kamili, toleo lisilo na mwimbaji, na matoleo ya sekunde 60, 30 na 15 yenye mwisho halisi. Wimbo unaofifia polepole hauna pa kufungia tangazo. Kisha vikundi vya vyombo, vinne hadi sita: ngoma, besi, vyombo vya tuni, sauti. Kila faili ianzie sekunde sifuri na ziwe na urefu mmoja, hata kama fidla inaingia dakika ya pili. Vinginevyo mhariri atazipanga kwa kubahatisha. Zitoeni bila kibanio cha masta, na acheni mwangwi uishe wenyewe kabla ya kukata mwisho.

Faili ya WAV haibebi taarifa kwa uhakika, kwa hiyo wekeni na MP3 ya 320 yenye jina la wimbo, mtunzi, mwenye rekodi, namba ya ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, mwendo, na simu inayopokewa. Karatasi ya mgao wa umiliki isainiwe siku ileile ya kurekodi, asilimia zifike 100, na mpiga udi aliyekuja kusaidia atie saini ya kuridhia. Wimbo ukishapata mteja, kila mtu hukumbuka alichangia zaidi ya alivyokumbuka jana.

Na usijiuze bila kujua unachouza. Leseni iseme vitu hivi kwa maandishi: picha gani, sekunde ngapi, vyombo gani vya habari, nchi zipi, muda gani, ni ya kipekee au la, na nani mwingine analipwa. "Runinga na intaneti, Kenya, miezi 6, isiyo ya kipekee" ni kitu kimoja. "Vyombo vyote, dunia nzima, milele" ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi bei inayotolewa ni ya kile cha kwanza huku mkataba ukiwa wa cha pili. Kuhamisha haki au kutoa leseni ya kipekee kunahitaji maandishi yaliyosainiwa, kwa sheria. Ujumbe wa "sawa bro, tumia tu" kwenye simu haufiki huko. Filamu ndogo isiyo na pesa inaweza kuomba leseni ya matamasha tu kwa mwaka mmoja, bei ya kupanuliwa ikiwa imeandikwa mapema. Kubalini hiyo. Ikipata soko, bei tayari ipo na hakuna wa kumshika mwenzake shingo.

Waandaaji, jambo la mwisho ni la siku ya kupandisha kazi mtandaoni. Msanii huru mara nyingi amesajiliwa na msambazaji wake kwenye mfumo wa YouTube unaotambua muziki, hata kama yeye mwenyewe amesahau. Tangazo mlilolipia linadaiwa dakika chache baada ya kupanda, na mteja anapiga simu akidhani mmeiba. Siku tatu kabla, mpeni msanii anwani ya chaneli ya mteja amwambie msambazaji aiachie. Jazeni pia orodha ya muziki uliotumika: jina, watunzi na asilimia zao, mwenye rekodi, sekunde zilizosikika, na kama ulisikika kwa nyuma au mtu alionekana akiupiga. Nakala moja kwa kituo cha runinga, moja kwa msanii. Na kama mmeandika barua mbili za kuomba ruhusa, wiki mbili zimepita na hakuna jibu, badilisheni wimbo siku hiyo, kabla mkurugenzi hajauzoea.